Karani wa hesabu miaka 9, nataka kuingia kazi ya kutengeneza tovuti. Niifiche historia yangu?

karani_kongowea

Hamjambo wadau. Nina miaka 34, niko Mombasa, karani wa hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nina KCSE (cheti cha sekondari), na CPA (kozi ya uhasibu) niliishia katikati. Shahada ya kompyuta sina. Kwa miezi 7 najifunza HTML, CSS na JavaScript usiku, kama saa 10 kwa wiki. Kwenye GitHub (tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo) nimeweka kazi tatu: ukurasa wa mkahawa, kikokotoo, na orodha ya shughuli za siku. Nimeomba nafasi 22 za ngazi ya kuanzia na sijaitwa hata kwa moja.

Naomba ushauri. Je, niiondoe miaka 9 ya ukarani kwenye wasifu ili nisionekane mtu wa fani nyingine? Kazi ya nne niitengeneze ya nini? Na React (maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa) nianze sasa au baadaye?

ngazi_ya_mnazi

Usiiondoe, kaka. Ukiikata, msomaji wa wasifu anaona mtu wa miaka 34 ambaye kazi zake zimeanza miezi 7 iliyopita, na hapo hapo anaanza kujiuliza ulikuwa wapi. Ukarani haumshtui mtu. Tim Berners-Lee, aliyependekeza wavuti akiwa CERN mwaka 1989, alisomea fizikia. Rachel Andrew wa Uingereza alikuwa mcheza dansi, akafanya kazi nyuma ya jukwaa la maonyesho, na baadaye akawa miongoni mwa waliowafundisha wengi CSS Grid (njia ya kupanga ukurasa kwa safu na mistari) ilipoingia kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2017. Ire Aderinokun wa Nigeria alisomea saikolojia na sheria. Waajiri wamezoea.

Kinachokuangusha ni zile kazi tatu. Mkahawa, kikokotoo na orodha ndizo mazoezi ya masomo ya bure, kwa hiyo kila mwombaji anazo na hakuna namna ya kukutofautisha nao. Tengeneza mfumo mdogo wa ankara na malipo wa duka la jumla. Hapo wewe unajua mambo ambayo wengi waliosoma kompyuta peke yake huyakosea kila mara.

Anza na majedwali. Mwanafunzi wa kawaida ataweka jedwali la wateja, la ankara na la malipo, na kila malipo atayafunga kwenye ankara moja. Wewe unajua mteja huleta shilingi 50,000 zikamaliza ankara ya kwanza, zikagusa ya pili, au nyingine zikabaki kama malipo ya mbele. Kwa hiyo unahitaji jedwali la kati, liite mgao: namba ya malipo, namba ya ankara, kiasi. Salio la ankara usilihifadhi kama tarakimu ya kuandikwa na kufutwa. Lipige kila mara kutoka kwenye mistari ya ankara ukitoa migao. Ukilihifadhi, siku hitilafu ikitokea katikati ya kuandika, salio na migao havitakubaliana na hutajua kipi ni cha kweli.

Ankara iliyotolewa isiwe na kitufe cha kufuta. Ikikosewa, toa krediti noti, yaani hati ya kumpunguzia mteja deni. Ukiweka kitufe cha kufuta, namba zitaruka kutoka 118 hadi 120 na mkaguzi ataiuliza 119.

VAT (kodi ya ongezeko la thamani) nayo. Bei iliyokwisha kujumuisha VAT ya 16% hutolewa kodi kwa kuzidisha 16 na kugawa kwa 116. Kwenye 1,160 kodi ni 160. Mifumo mingi ya wanaoanza huzidisha 1,160 kwa 0.16 na kupata 185.60, yaani 25.60 zaidi kwa risiti moja tu. Halafu amua mapema unakadiria kwa mstari au kwa jumla. Mistari mitatu ya 33.33 kabla ya kodi, ukikadiria kodi ya kila mmoja unapata 5.33 mara tatu, ambayo ni 15.99, ukikadiria kwenye jumla ya 99.99 unapata 16.00. Njia zote mbili zina watu wake, ila mfumo mmoja hauwezi kutumia zote, na uamuzi huo uuandike kwenye maelezo ya mradi.

Fedha zihifadhi kwa senti, namba kamili. JavaScript ikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na 19.99 ukiizidisha kwa 100 hutoa 1998.9999999999998. Ukikata desimali hapo umepoteza senti, na wewe kuliko wote unajua senti moja inavyoweza kumfanya mtu akeshe kwenye urari.

La mwisho ni saa. Seva nyingi huhesabu kwa saa za UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele kwa saa 3. Mauzo ya saa 7:30 usiku tarehe 1 Agosti yataandikwa saa 4:30 usiku wa tarehe 31 Julai, na ripoti ya mwezi haitalingana na daftari. Hifadhi kwa UTC, lakini mipaka ya siku na mwezi ipige kwa saa za Africa/Nairobi.

bahari_na_seva

Naunga mkono, na naongeza upande wa M-Pesa, maana mfumo wa malipo Kenya usiokuwa nao unaonekana nusu. Fungua akaunti ya Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa), tumia mazingira ya majaribio; namba ya biashara ya majaribio ni 174379.

Mpangilio ni huu. Unaomba tokeni (kibali cha muda) kwa funguo zako mbili. Hudumu sekunde 3599, kwa hiyo itunze na uombe nyingine inapokaribia kuisha, usiiombe kwa kila malipo. Kisha unatuma ombi la STK ili mteja aone dirisha la PIN kwenye simu. Nenosiri la ombi hilo ni namba ya biashara, ufunguo wa siri wa STK (passkey) na muda, vikiunganishwa na kugeuzwa Base64 (njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida). Muda huo huo ndio unaoandikwa pia kwenye sehemu yake ya ombi. Ukiita saa ya kompyuta mara mbili, mara moja moja sekunde itabadilika katikati na ombi litakataliwa. Kosa hilo husumbua sana kwa sababu ukijaribu tena linapotea. Chukua muda mara moja, uweke kwenye kigeu kimoja, utumie pote.

Namba ya simu iwe 254 ikifuatwa na tarakimu 9. Watu wataandika 07, 01, +254, na wengine wataweka nafasi katikati. Safisha kabla ya kutuma. Kwenye kanzidata ihifadhi kama maandishi, si namba. Unaijua tayari hasara ya Excel inavyomeza sifuri ya mbele.

Sasa palipo na hatari. Jibu la kwanza lenye ResponseCode 0 maana yake ombi limepokelewa tu. Hela haijalipwa. Malipo yanathibitishwa na taarifa inayofuata, inayotumwa kwenye anwani uliyoitaja, na hiyo lazima iwe HTTPS na ifikike kutoka nje. Kompyuta yako ya nyumbani haifikiki, kwa hiyo wakati wa kujaribu tumia handaki kama ngrok, programu inayoipa kompyuta yako anwani ya muda mtandaoni. Kwenye taarifa hiyo ResultCode 0 ni malipo yamekamilika, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja amekatisha, 1037 ni simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati. Na sehemu ya CallbackMetadata, yenye kiasi na namba ya risiti, huja tu malipo yakifaulu. Msimbo unaoisoma bila kuangalia ResultCode kwanza utaanguka mteja wa kwanza atakapobonyeza kukataa.

Taarifa inaweza kuja mara mbili, au isije kabisa. Kwa ile ya mara mbili, weka sharti kwenye jedwali kwamba namba ya risiti ya M-Pesa haijirudii. Kwa isiyokuja, uliza hali ya muamala kwa CheckoutRequestID (namba ya ombi uliyopewa kwenye jibu la kwanza) baada ya dakika moja au mbili. Usimwachie mteja akaandika mwenyewe "nimelipa".

Halafu tengeneza ukurasa mmoja wa usuluhisho: kushoto miamala ya M-Pesa, kulia migao ya ankara, chini visivyokutana. Ni saa chache za kazi, lakini huo ndio ukurasa wa kumfungulia mwajiri kwanza.

mkulima_wa_msimbo

Salamu kutoka Dodoma. Mkuu, React iache kidogo. Ukiianza sasa utatumia miezi miwili kupambana na zana badala ya kazi. Kwa saa 10 kwa wiki, miezi mitatu ni kama saa 130. Hizo zinatosha kumaliza mradi mmoja ukiugawa vizuri: takriban saa 25 za SQL (lugha ya kanzidata), 15 za Git (zana ya kutunza matoleo ya msimbo) na terminali, nyingine zote ziende kwenye mradi wenyewe. SQL haitakusumbua. GROUP BY ni ile ile jumla kwa kundi unayoifanya kwenye lahajedwali, na JOIN ni kukutanisha leja mbili kwa namba ya mteja.

Upande wa seva chagua kimoja. Kampuni ndogo na wakala wa tovuti huku kwetu wanatumia sana PHP (lugha ya upande wa seva), ama Laravel ama WordPress, na WordPress peke yake inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Ukilenga hao, PHP itakupa mlango haraka. Ukilenga kampuni za programu za fedha Nairobi, Node (JavaScript ya upande wa seva) na baadaye React. Usichanganye zote mbili kwenye mradi mmoja.

Nalisema hili kwa uchungu maana linawamaliza wengi: kutazama video za mafunzo moja baada ya nyingine bila kuandika. Kipimo ni rahisi. Funga video, fungua folda tupu, tengeneza fomu inayohifadhi ankara moja kwenye kanzidata. Ukishindwa, rudi kwenye sehemu uliyokwama tu, usianze kozi nyingine.

Mashine: RAM GB 8 na diski ya SSD zinatosha, hata kama imetumika. Jaribu kurasa zako kwa upana wa pikseli 360, kwani wateja wengi wako kwenye simu, na kwenye zana za kivinjari punguza kasi ya mtandao uone inavyofunguka. Picha ya simu ya MB 4 ipunguze hadi upana wa pikseli 1200 na uigeuze WebP, muundo mwepesi wa picha.

karani_kongowea

Ahsanteni sana. Mawili bado. Naweza kutumia takwimu halisi za dukani ili mradi uonekane wa kweli? Na kwenye wasifu sentensi zenyewe ziandikwe vipi?

mwana_wa_makadara

Takwimu za dukani usiziguse. Majina na simu za wateja ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na bei za ununuzi ni siri ya mwajiri wako. Hata ukibadilisha majina, jirani wa biashara atamtambua mteja kwa kiasi na tarehe. Andika programu fupi ya kuzalisha wateja 40 na ankara 300 za kubuni, na makusudi uweke zenye matatizo: malipo pungufu, malipo yaliyozidi, risiti iliyoingia mara mbili, ankara iliyorudishwa.

Funguo za Daraja zikae kwenye faili la .env (faili la siri za mradi), na jina la faili hilo liwe ndani ya .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git huyaacha) kabla ya kuhifadhi chochote kwa mara ya kwanza. Ukizipeleka GitHub kwa bahati mbaya, kulifuta faili hakutoshi, kwani historia bado inazo. Batilisha funguo na utoe mpya siku hiyo hiyo.

Wasifu uwe ukurasa mmoja. Juu, sentensi moja: "Mtengeneza tovuti mwenye uzoefu wa miaka 9 wa hesabu za biashara, natengeneza mifumo ya ankara, malipo na usuluhisho." Chini yake mradi, wenye kiungo kinachofunguka na akaunti ya majaribio ya kuingilia, kwa sababu mtu anayepitia maombi mengi hatajisajili. Kisha ukarani, ila ueleze kazi kwa vitendo: ulisuluhisha miamala mingapi kwa mwezi, ulifunga hesabu tarehe ngapi, lahajedwali gani uliitengeneza na ilipunguza saa ngapi. Andika tarakimu unazoweza kuzitetea ukiulizwa. Mkahawa na kikokotoo vitoe. Orodha ya shughuli pia.

Maelezo ya mradi kwenye GitHub yaanze na tatizo la duka, kisha mchoro wa majedwali, kisha hatua za kuuwasha kwenye kompyuta nyingine. Mwombe rafiki azifuate kwenye mashine yake huku wewe ukikaa kimya. Pale atakapokuuliza kitu, maelezo yana pengo.

Maombi yenyewe yapunguze. Badala ya 22 ya jumla, tafuta 6 au 7 yanayohusu hesabu: watengenezaji wa mifumo ya mauzo ya dukani, vyama vya akiba na mikopo, karo za shule, kampuni zinazounganisha wateja na eTIMS ya KRA (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi). Barua iwe na aya mbili, na ya kwanza itaje jambo mahususi kuhusu mfumo wao. Kwenye usaili jiandae kuulizwa kwa nini salio hulihifadhi. Chukua karatasi, chora ankara mbili na malipo moja, uwaonyeshe.