Naomba ushauri: sanduku la safari la mtoto wa miaka 8

Habari zenu ndugu zangu. Desemba nitasafiri kwa basi na binti yangu, kutoka Kampala hadi Mombasa kwa bibi yake. Anataka sanduku lake, alivute mwenyewe, nami napenda ajifunze kutunza vitu vyake.

Kinachonitia wasiwasi ni mpaka wa Busia, maana tunashuka kugongewa pasi na wakati mwingine mizigo hukaguliwa. Safari iliyopita alivuta langu la plastiki ngumu, lenye magurudumu 4 madogo. Moja likanasa kwenye kokoto likang'oka, na mtoto akalia mpaka tuliporudi kwenye basi. Iliniuma sana.

Juzi nimezunguka soko la Owino, hapa Kampala. Nimeona la kitambaa, jepesi, lenye magurudumu 2 makubwa, ila mvua ikinyesha naogopea nguo. Yeye amependa la plastiki lenye picha za vipepeo, lakini hata likiwa tupu ni zito.

Je, kwa njia kama hiyo nichukue la magurudumu 2? Na mpini ukivutwa wote umfikie wapi mtoto, kiunoni au chini kidogo, asiinamie upande? Asanteni sana.