Siku 14 na gari kutoka Lisbonne: bwana yangu anataka miji saba, miye nataka kupumzika

mama_katuba

Jambo benu bote. Niko naomba mawazo juu miye na bwana yangu tulianza kugombana hata viza haiyatoka. Binti yetu anaolewa Bruxelles mwisho wa mwezi wa kenda, tutakaa kwake siku 10, sherehe ikiisha tunapanda ndege mupaka Lisbonne, tunakodi gari, siku 14, shiye wawili tu. Miaka 31 ya ndoa hatuyatembeaka hata mara moja bila mutoto nyuma, bila muzigo ya mutu, bila kilio kule tunaenda. Alifanyaka kazi ya mine (kuchimba shaba) miaka 34, sasa eko pensio, na eko na karatasi aliandika: Lisbonne, Porto, Santiago, Madrid, Barcelona, Granada, Sevilla, kurudia Lisbonne. Nikamuuliza, papa, nani anatufukuza? Anajibu ati inaomba kuona byote juu hatutarudia tena kule. Miye nataka mahali tunaamuka, tunakunywa chai, tunaangalia maji, tunatembea kidogo, tunalala. Lakini ye akikaa siku mbili bila kazi anaanza kufungua jenereta yenye haina ugonjwa. Nani alishafanyaka hii njia? Na permi ya Kongo ya kuendesha gari wanaikubali? Barabara wanalipisha?

dereva_kasumbalesa

Mama, heshima. Nilipima ile karatasi ya papa, ni kilometa zaidi ya 3,000. Ni kutoka Lubumbashi kufika Kinshasa na barabara, tena unabakia na njia mbele. Lami ni nzuri, sikatai, lakini mugongo haujue kama uko Ulaya. Madrid na Barcelona pekee ni 600 na kitu.

Kwanza viza, juu pale njo dosie mingi zinaangukaka. Hesabu usiku. Dosie inaenda kwa inchi yenye mutalala siku mingi kupita zingine. Tuseme Bruxelles 10, Ureno 8, Uhispania 6, basi ni ya Ubelgiji. Mukibadilisha mukalala Ureno 11, inakuwa ya Ureno, na hapo mukienda na barua ya binti wenu wa Bruxelles kama njo sababu kubwa ya safari, mutaulizwa maswali. Kwa hiyo mugombane vizuri na mumalize mbele ya kuandika. Ni euro 90 kila mutu mukubwa tangu juni 2024, asiransi ya safari inapashwa kufika euro 30,000, na munaweza kuweka dosie hata miezi 6 mbele.

Permi, papa atoshe permi ya kimataifa huku huku na abebe zote mbili. Gari aombe otomatiki waziwazi akiagiza, juu kule nyingi ni za vitesi vya mukono. Na karti ya banki inapashwa kuwa na jina ya ule mwenye atashika usukani, wanafungaka feza ya garanti kwa karti, ukikuja na karti ya bibi ao ya shemeji gari hautoke nayo, nilionaka mutu analia kwa kontwari. Wanapita kuume sawa kwetu, lakini kama amezoea zile za usukani ya kuume tunaletaka huku, atafungua mulango ya mubaya siku tatu za kwanza.

Peyaji, malipo ya barabara: Ureno wanatumia sana kamashini kadogo kwa kioo, uombe kwa benye kukodisha gari, barabara zingine hazina mutu wa kupokea feza. Ile A22 ya kusini, Algarve, ililipishwaka mupaka mwisho wa 2024, tangu tarehe 1 januari 2025 ni bure. Daraja za Lisbonne, kutoka hulipi, kuingia njo unalipa. Uhispania kule kusini, kutoka Huelva mupaka Sevilla, hakuna peyaji.

Na mupaka wenyewe wa Ureno na Uhispania sasa... mimi mutu wa Kasumbalesa, kwa mupaka wetu na Zambia wenye lori mingi, nilitafuta mupaka sikuuona. Kibao cha bluu na nyota, basi. Hakuna lori hata moja, hakuna mwenye kuuza mayai ya kuchemusha. Nilifikiri nimepotea.

yaya_wa_likasi

Mama katuba nilicheka ile ya jenereta juu wa kwangu ni ule ule, alitokeaka mine na yeye. Sikia vile tulifanya, miaka mbili inapita, mwezi wa kumi, na usiende mwezi wa nane, Sevilla inapita digri 40.

Tuliachana na kaskazini yote. Lisbonne usiku tatu BILA gari, gari hatukuichukua mupaka siku ya kutoka, juu ile mji ni milima na parkingi ni mateso. Kisha Évora, kilometa 130, ni kama kuenda Likasi na kitu kidogo. Tulilala pale tatu. Njia inapita kwa miti ya kizibo, wanatosha maganda muti unabaki mwekundu kama umechunwa, na wanaandika namba kwa muti ili wajue mwaka gani walitosha, inaomba kungoja miaka 9 ndio watoshe tena. Bwana yangu alisimamisha gari mara tano kwa ile namba.

Sasa dawa ya bwana wako iko hapa. Pale chini, kuanzia Alentejo ya Ureno kufika Huelva ya Uhispania, kote ni inchi ya mine. Shaba, mama! Hakuna mutu alituambiaka. Munaenda Mértola, kamji kadogo juu ya mto Guadiana, kanisa lake lilikuwaka musikiti, na kilometa 17 mbele kuna Mina de São Domingos. Wangereza walichimba pale mupaka 1966, ikafa. Reli inatoka pale ilikuwa inapeleka mawe mupaka Pomarão, mashua zinachukua kwa mto. Sasa majumba ya kuchomea mawe imebakia kuta tu, maji ni ya rangi ya chai na sehemu zingine nyekundu kabisa, kimya, ndege wa kwenye shimini (bomba ya moshi) tu. Bwana yangu alivua kofia. Nusu saa hakusema kitu, kisha akaanza kunionyesha: hapa waliponda, hapa walichoma, hapa wakapitisha maji. Nilimuona kijana tena. Mimi nikamuacha nikaenda kukaa kwa ziwa, juu kuna lambo kubwa lenye mine ilijenga, sasa ni plaji, muchanga na kivuli, nikavua viatu. Unaona? Kila mutu na yake, kilometa moja katikati.

Kisha mukavuka Uhispania mukaenda Riotinto, mahali pengine pa mine. Ule mto ni mwekundu kweli kweli, si stori, ni chuma na asidi, tangu zamani sana, Waroma walichimbaka pale. Wangereza walinunua 1873, wakajenga kartie yao Bella Vista na nyumba za kwao na kanisa yao, mbali na ba ouvriers. Unaizungukia unasema hii naijua, hii ni kule kwetu kwa mazungu ya kampuni. Na walichoma mawe inje kwa hewa, moshi ya sulfuri inaua mashamba na vifua, watu wakashuka kiwanjani tarehe 4 februari 1888 kuomba ikome, askari wakawapiga risasi. Mupaka leo wanauita mwaka wa risasi. Shiye benye tulikomalia chini ya shimini na terili, ile milima ya mabaki ya mine, haiombe mutu atufasirie.

Lakini haikufa, ilirudia kazi 2015, wanachimba shaba mupaka leo. Kuna muzeumu na katreni kadogo kanatembeza watu kando ya mto. Jambo moja mujue: Uhispania iko mbele saa moja kupita Ureno. Tulivuka tukidhani tuko na wakati, tukafika tumechelewa, mlango umefungwa, nikaambiwa ni mimi nilichelewesha na kupaka mafuta. Tukalala pale tukarudia kesho yake.

Chakula usiogope. Bacalhau yao ni makayabu, ile samaki ya chumvi, mama, makayabu! Wanaitengeneza mara kwa viazi, mara kwa mayai, nilikula kila siku. Pilipili wanaita piri-piri, jina lilitokea huku kwetu. Bukari (ugali) ndio hakuna, kuna açorda, mukate ndani ya maji ya kitunguu saumu na yai, inashuka vizuri jioni. Na ule mukate na zeituni wanawekaka mezani bila kuombwa, ukigusa unalipa, bwana yangu aligusa.

ba_makomeno

Yaya kwa heshima yote, mutu atoke Lubumbashi apande ndege tatu aende Ulaya KUONA MINE? Shaba tunayo mupaka kwa mavumbi ya sahani. Papa yuko na haki kidogo, Granada usiiache, Alhambra ile, ngome ya wafalme wa zamani, ila tiketi inanunuliwa mbele, iko na jina lako na saa ya kuingia kwa nyumba za wafalme, ukichelewa umekosa. Na Lisbonne mufike Belém kwa Padrão dos Descobrimentos, ile munara ya 1960 kando ya maji, katikati ya wale watu wa mawe kuna Diogo Cão, ule alifika kinywa cha mto Kongo 1482. Nilisimama mbele yake nikamuangalia usoni, yeye haniangalii, anaangalia maji.

yaya_wa_likasi

Ba makomeno, Huelva wako na Recreativo, klabu ya mpira ya 1889, ya zamani kupita zote Uhispania, ilitokea kwa wangereza wa mine. Wewe mutu wa Lupopo, timu ya Lubumbashi, unikataze kuenda kwa inchi ya mpira ya mine? Granada sawa, lakini ni usiku mbili za kuongeza na kilometa 250 kutoka Sevilla, halafu zile zile kurudia. Mama achague.

mama_katuba

Nimemusomea yote jana jioni, umeme ulikuwa umekatika, alisikia bila kunikata. Kwa São Domingos akasema soma tena. Kwa Riotinto akaomba simu aangalie yeye mwenyewe rangi ya mto, akaipanua na vidole, akasema ile ni pirite, jiwe la chuma na sulfuri. Asubuhi karatasi imebadilika: Lisbonne 3, Évora 3, Mértola 2, Riotinto 2, Sevilla 2, kisha Tavira kando ya bahari 1 na Lisbonne usiku wa mwisho. Porto, Madrid na Barcelona amezipiga mustari yeye mwenyewe. Dereva, nimehesabu: Ureno 10, Uhispania 4, Bruxelles 10. Sasa zinalingana, tunafanya nini?

dereva_kasumbalesa

Zikilingana ni inchi yenye mutaingilia kwanza, kwa hiyo Bruxelles. Ila mama, ongeza usiku moja kwa binti, ulale bila mawazo.

mama_katuba

Ataupenda huo. Natosha wa Tavira.