Msaada: tofali la kuchoma au la saruji, lipi limekula nishati zaidi?

Wakuu, habari za majukumu. Niko Mbeya, nasimamia nyumba ya vyumba vitatu. Mwenye nyumba anataka, kabla hatujanyanyua boma, nimpe hesabu ya nishati iliyotumika kutengeneza kila kifaa hadi kifike saiti. Nimepata jedwali la Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza: tofali la kuchoma megajuli 3 kwa kilo, saruji 4.5. Kwa haraka la kuchoma linaonekana limekula kidogo, ila nikitazama lundo la mikaratusi pale kwenye tanuru, roho inasita. Naomba kuwasilisha.

Nyundo Butu: Mteja kakupa mtihani wa fomu siksi 😂 Choma tu mkuu.

Kokoto: Usilinganishe kilo kwa kilo, linganisha mita ya mraba ya ukuta. Mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali 30 za inchi 6, kila moja ina saruji kilo 1.7 hivi. Weka na mchanga, ni kama megajuli 10. Mita moja inakula tofali 10, basi megajuli 100, mota (mchanganyiko wa kuunganishia tofali) kando. Za kuchoma zina kilo 3, yaani megajuli 9 kila moja, na mita hiyo hiyo inameza 50 hivi hata kwa ukuta mwembamba. Umeshafika 450.

Mzee wa Tanuru: Na hiyo 3 ni ya viwanda vya kwao. Tanuru letu linavuja joto kila upande. Pima kuni kwa mizani kabla hazijaingia mdomoni. Kilo ya kuni kavu ina megajuli 15 hivi, kuni mbichi chini ya hapo. Kisha gawanya kwa tofali nzima zilizoiva tu. Zile mbichi za pembeni na zilizoyeyuka karibu na moto usizihesabu, kuni zao zimeshaliwa.

Mleta uzi: Mikaratusi ikipandwa tena, si inafidia?

Kokoto: Inafidia hewa ukaa, nishati iko pale pale. Weka safu mbili kwenye jedwali, ya nishati na ya hewa ukaa. Usafiri nao: lori la tani 10 likichoma lita 40 za dizeli, kwenda na kurudi, ni megajuli 0.14 kwa kila kilo. Kwa saruji ni kidogo. Kwa mchanga, ambao wenyewe una 0.08, safari imeshaupita mzigo.

Dada Mchoraji: Mbona hamzitaji tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa na kuingiana? Hazichomwi, mota kidogo sana, na NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na ujenzi, wamezihimiza miaka mingi.

Kokoto: Nzuri, saruji ikibaki asilimia 5. Fundi akiingiwa na woga akapandisha hadi 10, faida yake juu ya tofali la saruji karibu yote imeliwa.

Mleta uzi: Shukrani wakuu. Naazima mizani ya magunia, nikapime kuni tanuru lijalo likipangwa.

Mzee wa Tanuru: Ukimaliza kuta, rudi kwenye nondo na bati. Chuma kwenye jedwali lako hilo hilo ni 20 kwa kilo.