Kikundi cha Ukoo: Kompyuta ya Shangazi Zuhura

Ijumaa

Shangazi Zuhura, saa 2:05 usiku
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Kompyuta yangu mpakato imekuwa nzito mno. Nikiiwasha alfajiri, ninaswali, ninachemsha chai na kuimaliza, nayo bado haijafungua faili la alama za wanafunzi. Alama za kidato cha pili na cha tatu zinatakiwa kabla ya Jumatano. Mwalimu mwenzangu ananishauri ninunue nyingine, lakini fedha hizo sina, na humo ndani mna picha zote za marehemu mume wangu. Mwenye ujuzi anisaidie.

Baba Mkubwa, saa 2:11 usiku
Wa alaykum salaam, Zuhura. Pole sana. Nilipokuwa kazini, kila mwisho wa mwezi tulikuwa tukiipanga upya diski, yaani kuviweka pamoja vipande vya mafaili vilivyotawanyika, na kompyuta ilikuwa ikipata nafuu. Pengine uanze na hilo usiku huu.

Salim, saa 2:19 usiku
Shikamooni, Baba Mkubwa na Shangazi. Baba Mkubwa, kwa heshima naomba hilo tusiliguse kwanza. Kuipanga upya diski ni kuilazimisha isome na kuandika kwa saa nyingi mfululizo, na kama diski ni mgonjwa, inaweza kufia hapo hapo na picha zote zikapotea. Tujue kwanza ni kiungo gani kimelemewa. Shangazi, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi. Likiwa dogo, bonyeza maneno yaliyo chini kushoto ili lipanuke. Kwa juu utaona asilimia za prosesa (ubongo wa kompyuta), kumbukumbu (RAM, inayoshika kazi zilizofunguliwa kwa wakati huo), diski na mtandao. Niandikie namba hizo kabla hujafungua kitu kingine.

Shangazi Zuhura, saa 2:31 usiku
Marahaba, mwanangu. Dirisha lenyewe limechukua dakika mbili kufunguka. Prosesa 14, kumbukumbu 87, diski 100, mtandao 0. Hiyo 100 imekolea rangi kuliko nyingine, na nimeitazama muda mrefu haishuki.

Salim, saa 2:44 usiku
Basi tumempata. Prosesa yako haina shida, imekaa ikingoja. Anayengojwa ni diski. Kompyuta za mwaka 2016 kama yako nyingi zilitoka na diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na kisomeo chake hulazimika kutembea kutoka upande mmoja hadi mwingine kufuata kila kipande cha faili. Kwa faili moja kubwa haiendi vibaya sana, lakini asubuhi Windows inapoamka huomba mafaili madogo madogo kwa maelfu, na diski ya namna hiyo huweza kuhudumia maombi kama mia moja tu kwa sekunde. Tena kumbukumbu yako ni GB 4 na imejaa asilimia 87. Kumbukumbu ikikaribia kujaa, Windows huazima nafasi kwenye diski ili ihifadhi humo kilichokosa mahali. Kwa hiyo diski ile ile iliyochoka inabebeshwa na mzigo wa pili.

Sasa nenda kwenye sehemu ya pili ya dirisha hilo, ile yenye michoro, ubonyeze prosesa. Chini kuna muda tangu kompyuta iwashwe. Unasema ngapi?

Shangazi Zuhura, saa 2:50 usiku
Unasema siku 41. Lakini mimi huizima kila usiku, Salim, nami ni mwangalifu katika hilo.

Salim, saa 2:58 usiku
Ninakuamini, Shangazi, na kosa si lako. Windows 10, kama ilivyopangwa tangu kiwandani, ukiizima haizimi yote. Sehemu yake ya ndani huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake upesi, na hesabu ya siku inaendelea. Ukichagua kuiwasha upya badala ya kuizima, ndipo huanza safi kabisa. Watu wengi hawaelezwi hili, na kwa mtu mwenye kompyuta nzito ni jambo la kufanya angalau mara moja kwa wiki. Lakini usiku huu tusiiwashe upya kabla hujanijibu swali moja: ukitega sikio karibu na sehemu unapoegemeza kiganja cha mkono, unasikia nini?

Shangazi Zuhura, saa 3:04 usiku
Ninasikia mlio wa tk, tk, tk, kisha kimya, kisha unarudi. Nilidhani ni feni.

Salim, saa 3:06 usiku
Shangazi, acha kuitumia kwa sasa. Feni huvuma, haigongi; inayogonga huenda ni diski. Je, picha zina nakala mahali pengine?

Shangazi Zuhura, saa 3:09 usiku
Hazina.

Rehema, saa 3:12 usiku
Mama, mimi nina diski ya nje ambayo haijajaa nusu. Nitafika kesho asubuhi na mapema. Salim, nieleze la kufanya hatua kwa hatua, nami sitagusa kingine.

Salim, saa 3:20 usiku
Ahsante, dada. Nakili picha kwanza, kisha alama, kisha mengineyo. Usianze na video za harusi hata kama ndizo zinazochukua nafasi, kwa sababu diski ikizimika katikati, tuwe tumeokoa visivyopatikana tena. Nakili folda moja moja, wala usihamishe, maana kuhamisha hufuta pale kinapotoka. Ukimaliza, weka programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, uniambie rangi ya alama ya afya ya diski.

Jumamosi

Rehema, saa 7:40 mchana
Picha zote zimenakiliwa, na nimefungua kadhaa kwenye kompyuta yangu kuhakikisha zinaonekana. Faili moja la alama lilikwama mara mbili, mara ya tatu likapita. Alama ya afya ni ya manjano. Nimeona pia kwamba diski imegawanywa sehemu mbili: C ina GB 100 na imebakiwa na GB 6, ilhali D ina zaidi ya GB 800 na ni tupu. Halafu kuna antivirusi mbili tofauti, na programu 17 zinazojiwasha zenyewe.

Shangazi Zuhura, saa 7:52 mchana
Mwaka jana nilimpelekea fundi mmoja wa mjini. Alifuta kila kitu isipokuwa mafaili yangu, akaweka Windows upya, akanitoza, akaniambia amenizidishia ulinzi. Ilipona wiki mbili.

Salim, saa 8:15 mchana
Inaniuma kusikia hivyo. Kufuta kila kitu ndiko kunakofanywa kwa kila ugonjwa, na mteja huona nafuu ya siku chache kwa kuwa Windows mpya haina mizigo, kumbe diski iliyochoka ni ile ile. Antivirusi mbili hukagua kila faili mara mbili na kuzuiana zenyewe kwa zenyewe. Windows 10 ina Defender yake ndani, na kwa kazi zako inatosha. Kule kugawanya C ndogo na D kubwa ni mazoea ya zamani, nayo hukuumiza kwa sababu vyote unavyoweka kwenye uso wa kompyuta huingia C.

Rangi ya manjano maana yake diski imeanza kuharibika, hivyo hatuna tena sababu ya kuibembeleza. Ninanunua diski ya aina ya SSD, ya GB 480. Hiyo haina sahani wala kisomeo kinachotembea; hata kwa waya wa SATA wa kompyuta yako husoma kiasi cha MB 500 kwa sekunde, ambapo ya zamani ni kama 100, na kwa mafaili madogo tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Nitaongeza na kumbukumbu ya GB 4 ikiwa kuna nafasi ya pili. Rehema, nipigie picha kibandiko cha chini nijue aina ya kumbukumbu, maana DDR3L na DDR4 haziingiliani. Nitapanda basi la alfajiri.

Rehema, saa 8:30 mchana
Nimeituma. Na je, tuweke Windows 11 moja kwa moja?

Salim, saa 8:41 mchana
Prosesa yake ni Core i3 ya kizazi cha sita, na kwa Intel, Microsoft inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Kulazimisha kunawezekana, lakini sipendi kumwachia Shangazi kitu ambacho kinaweza kugoma kusasishwa nikiwa Dar es Salaam. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani kuna mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, nami nitamsajili. Baada ya hapo tutazungumzia Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, kwa utulivu, si wiki ya alama.

Jumapili

Salim, saa 9:10 alasiri
Nimeifungua juu ya mkeka wa Shangazi. Kwenye mdomo wa feni kulikuwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, nimelitoa zima kwa kibanio. Lilikuwa limeziba njia ya hewa, na prosesa ikipata joto sana hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Grisi ya juu ya prosesa ilikuwa imekauka na kupasuka, nimeweka mpya. Nafasi ya pili ya kumbukumbu ilikuwepo. Windows nimeiweka upya, kwa sababu sikutaka kunakili mfumo kutoka kwenye diski yenye kasoro. Programu za kujiwasha zenyewe nimeacha tatu.

Kabla sijaifungua, kutoka kubonyeza kitufe hadi faili la alama kufunguka zilikuwa dakika 11. Sasa ni sekunde 34. Nimepima mara tatu.

Baba Mkubwa, saa 9:25 alasiri
Mwenyezi Mungu akubariki, Salim. Na hiyo SSD itapangwa upya kila mwezi?

Salim, saa 9:29 alasiri
Hapana, Baba Mkubwa. Kwa SSD vipande kutawanyika si tatizo, kwa kuwa hakuna kinachotembea kuvifuata, na kuvipanga huichosha bure kwa kuandika. Windows yenyewe huitunza. Shangazi aache tu kama moja ya tano ya nafasi iwe wazi.

Shangazi Zuhura, saa 10:02 alasiri
Salim amekataa nauli yangu ya kurudia, basi nimemfungia mikate ya kumimina, na Rehema anamsindikiza stendi. Diski ya zamani nimeifunga kwenye kitambaa nikaiweka kabatini, hata kama haitasoma tena. Rehema amenipa nakala ya pili ya picha, ataiacha kwake. Nimeingiza alama za kidato cha tatu mkondo A zote, na sasa ninafungua mkondo B.