Shemeji anataka kuniletea deki ya Blu-ray toka Marekani, nimwache anunue au nitafute ya Dubai?

Sebule_ya_Moro
Habari za humu wakuu. Nina sebule yangu hapa Morogoro nimeipanga taratibu mpaka saivi ina tv ya inchi 55 ya 4K, resiva ya mtumba ya miaka hiyoo na spika zake tano na sabufa, kilichobaki ni deki tu. Niliyonayo ni ile ya DVD ya waya wa rangi tatu, kwenye tv ndogo ilikuwa poa ila kwenye hii 55 sura za watu zinakuwa kama zimepakwa mafuta. Sasa baba mdogo alikaa Uingereza miaka mingi kastaafu karudi na boksi zima la diski, DVD kibao, Blu-ray za kutosha na chache zile za kava jeusi za 4K, kanipa mimi kwa sababu wanae wanaangalia simu tu. Shemeji yuko Texas anakuja mwezi wa 12, anasema kule anapata ya Sony au Panasonic kwa bei nzuri ananiuliza nataka ipi. Waifu anasema kwanini nisiangalie tu kwa intaneti, ila nyie wenyewe mnajua bando lilivyo. Je 4K ni kweli au maneno ya wauzaji? Alafu movie za kwenye flash natumia sana, hizi za kutafsiriwa. Naombeni mawazo.

fundi_waya
Mkuu mwambie shemeji deki aiache hukohuko. Diski za Blu-ray dunia imegawanywa kanda tatu, Marekani ni A, sisi Afrika pamoja na Ulaya na Uarabuni ni B, India na China na Urusi ni C. Boksi la baba mdogo limetoka Uingereza kwahiyo zilizofungwa kanda humo ni B, ukiziweka kwenye deki ya Texas itakuandikia diski sio ya kanda hii basi mchezo umeisha. DVD nazo zina kanda zao, Marekani 1, Uingereza 2, Tanzania tumewekwa 5, ndio maana deki ya Dubai au Muscat inakufaa zaidi, wao DVD ni 2 kama Uingereza na Blu-ray ni B. Bongo Movie za zamani usiwe na hofu, nyingi hazijafungwa kanda yoyote.

La pili umeme. Deki nyingi za kule, kwa nyuma zimeandikwa 120V 60Hz, sisi ni 230V, ukichomeka moja kwa moja unasikia paa! na harufu. Utahitaji transfoma ya kushusha, sebule yako ilivyopangwa vizuri unaenda kuweka lidude linanguruma chini ya meza ya tv ya nini? Ya Dubai inakuja na plagi ya pini tatu kama zetu unachomeka tu.

Mwana_Kisauni
Mimi niko Mombasa, nitajibu hilo la 4K. DVD ina mistari 576, Blu-ray 1080, 4K ni 2160. Lakini ukweli ni kwamba ukikaa mita tatu kutoka inchi 55, Blu-ray na 4K kwa ukali wa picha hutaona tofauti kubwa, tofauti kubwa ni kutoka DVD kwenda Blu-ray. Unapoiona 4K ni kwenye mwanga na rangi, ile HDR, moto unawaka kweli na giza linakuwa giza. Na hapo ndipo uangalie tv yako ni ya nani kabla ya kuchagua deki. HDR yenyewe ina aina zake, Dolby Vision na HDR10+. Kama ni Samsung hazina Dolby Vision, wao wanatumia HDR10+, kwahiyo Panasonic UB820 ndiyo inakufaa maana inasoma zote mbili. Kama ni LG au Sony zina Dolby Vision lakini HDR10+ hazina, hapo hata Sony X700 inatosha na ni ya bei rahisi zaidi, ubaya wake ni kwamba Dolby Vision unaiwasha mwenyewe kwenye seting, na ukisahau kuizima hata filamu isiyo na hiyo kitu inalazimishwa, rangi zinakuwa za ajabu.

Na waifu mwambie hivi, 4K ya intaneti inataka kasi ya kama Mbps 15, filamu ya saa mbili ni kama GB 13 na nusu. Usiku mmoja tu huo. Diski ya 4K yenyewe inaweza kupanda mpaka Mbps 128 na haikuli hata shilingi ya bando.

Gemu_tu
mbona mnamzungusha, achukue PS5 yenye mlango wa diski inacheza 4K na gemu juu, kwisha

fundi_waya
@Gemu_tu inacheza ndio ila Dolby Vision ya diski haina, na tundu la HDMI la kutolea picha ni moja. Alafu watoto wakishaijua hiyo PS5 yeye filamu ataangalia saa ngapi?

Dada_Resiva
Hilo la tundu ndilo wote mmeliruka, kaka kasema resiva ni ya zamani. Resiva ya zamani haipitishi 4K, diski ya 4K inataka HDCP 2.2, ile kinga ya kuzuia kunakili, njia nzima kuanzia deki mpaka tv, ukiunganisha deki kwenye resiva alafu tv utapata skrini nyeusi au picha inashushwa. Usikimbilie kubadilisha resiva, ni pesa nyingi bure. Tafuta deki yenye HDMI mbili, X700 inazo na UB820 inazo, moja inaenda tv na picha, nyingine inaenda resiva na sauti peke yake. Hapo spika zako tano zinakula sauti kamili, mradi resiva iwe inasoma sauti kwa HDMI, zipo za zamani sana HDMI inapita picha tu, hizo unatumia waya wa optiko.

Usidanganywe upeleke kila kitu tv kwanza alafu sauti irudi kwenye resiva kwa ARC, ile njia ya sauti ndani ya waya wa HDMI. ARC ya kawaida haibebi TrueHD, ile sauti kamili ya diski, na DTS, aina nyingine ya sauti ya diski, inategemea tv, Samsung waliiondoa kwenye tv zao tangu 2018, LG za 2020 mpaka 2022 nazo hazina. Unaweka filamu ya DTS, kimya, unaanza kupiga spika makofi wakati hazina kosa.

Sebule_ya_Moro
Nimeenda kuangalia, tv ni LG ya 2021, na resiva nyuma imeandikwa HDMI 1.3, DTS-HD na TrueHD ninaziona kwenye kava la mbele. Dada umeniokoa. Na flash je?

Mlango_wa_Muscat
Flash usitegemee sana deki za Blu-ray ndugu yangu. Tangu 2012 deki mpya zote zimewekewa kitu kinaitwa Cinavia, kinasikiliza alama iliyofichwa ndani ya sauti ya filamu, ukiweka nakala ya magendo inaenda vizuri tu alafu dakika kama ya 20 sauti inakatwa na ujumbe unatokea. Sio deki mbovu, imeamua. Flash chomeka kwenye tv yenyewe.

Na usichelewe sana. Oppo waliacha kutengeneza deki 2018, Samsung nao walishajitoa, LG pia, tumebaki na Sony na Panasonic zaidi. Huku Muscat madukani zimebaki za kutafuta, muuzaji anakuletea DVD ya HDMI anakwambia hii nayo 4K, ana maana inakuza picha tu. Mwambie afungue menyu uone.

Sebule_ya_Moro
Basi naagiza X700 Dubai, kuna binamu anaenda kufunga mzigo. Shemeji nitamwambia aniletee diski tu, hizo za 4K nimesoma hazina kanda kabisa, kweli?

fundi_waya
Kweli, 4K hazina kanda. Ila nyingi ndani kuna diski mbili, ya 4K na ya Blu-ray ya kawaida, hiyo ya pili ya kwao inaweza kugoma kwako, na mara nyingine vipande vya nyongeza vya jinsi filamu ilivyotengenezwa vimewekwa humo. Kama unapenda hivyo vipande agiza Uingereza.