Nimepasuliwa Marekani, bili imenizidi kimo. Nirudi nyumbani au nibaki?

Mtoto wa Bunju: Wakuu, habarini. Nipo Houston, Texas, mwaka wa nne sasa, kazi yangu ghalani. Mwezi wa pili tumbo lilinikata usiku, jamaa ninayeishi naye akanikimbiza na gari lake. Kidole tumbo. Alfajiri nikapasuliwa. Sasa zimekuja bili: hospitali 31,350, kituo cha dharura 7,800, gari la wagonjwa 2,150. Jumla dola 41,300. Bahasha zinazoingia sasa sizifungui, nazipanga juu ya friji. Nirudi nyumbani au nibaki? Usiku silali.

Mama Kibibi: Pole sana mwanangu. Kidonda kimepona? Usibebe vitu vizito. Mdogo wangu alibeba gunia wiki ya pili, akarudishwa wodini.

Kipanga: Mkuu, mbona hujagusia bima? Maghala makubwa huko yanatoa bima.

Mtoto wa Bunju: Suala la bima tuliache, mkuu. Nimeuliza kurudi au kubaki.

Kipanga: Hatuwezi kuliacha. Ulikuwa nayo au hukuwa nayo?

Mtoto wa Bunju: Niliikataa. Wangenikata dola 58 kila wiki, na nyumba Bunju ilikuwa imefika kwenye lenta, fundi anasubiri. Nina miaka 29, tangu nifike sijaugua hata mafua ya kulala. Yeyote kati yenu angefanya hivyo hivyo. Na tiketi nimeshakata.

Mzee wa Pwani: Vijana mnajenga nyumba, mwili mnausahau. Mimi nilikuwa Muscat 1998, nikavunjika mguu...

Sindano: Hiyo sasa ni lenta ya dhahabu 😂

Kipanga: Wakuu, hii ni chai. Mwanzo kapelekwa na gari la jamaa, halafu analipishwa gari la wagonjwa. Usiku mmoja alipanda magari mangapi?

Sindano: Tuletee picha ya bili tuamini.

Mtoto wa Bunju: Mawili! Jamaa alinifikisha kwenye kituo kilichopo jirani na duka la matairi, kina taa nyekundu, nikadhani ni zahanati ya bei nafuu. Wakanipiga picha ya tumbo, wakasema hapa hatupasui. Ndiyo wakaita gari la wagonjwa, mwendo wa dakika kumi na moja. Nilikuwa nahesabu taa za barabarani. Siwezi kutunga kitu kama hicho.

Dada wa Dallas: Si chai. Nafanya kazi ofisi ya bili hospitalini. Texas imejaa vituo hivyo: kwa nje utasema zahanati, bei ni za chumba cha dharura. Sheria ya 1986 inazilazimisha hospitali zenye chumba cha dharura zikupokee na kukutuliza uwe na hela usiwe nayo, ila haizuii bili kuja. Na Texas haijapanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa hiyo kijana kama wewe, hana mtoto wala ulemavu, hapati hata kipato kikiwa kidogo.

Sasa shusha bahasha zote, kila bili ishughulikie peke yake. Uliza kama hospitali ile haiendeshwi kwa faida. Kama ndivyo, tangu sheria ya 2010 ni lazima iwe na mpango wa kuwasamehe au kuwapunguzia wenye kipato kidogo. Una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Dai pia bili ya kipengele kwa kipengele. Kuna kitu umeshalipa?

Mtoto wa Bunju: Dola 3,000. Kwa kadi ya mkopo.

Dada wa Dallas: Basi, usiongeze hata senti kwenye kadi. Hizo 3,000 sasa unadaiwa na benki, na riba inakimbia; kama ulizilipa hospitali, ikikusamehe inapaswa kukurudishia ulichozidisha.

Mtoto wa Bunju: Walipiga simu kila asubuhi, dada. Ningefanyaje?

Mama Kibibi: Hakuna anayekulaumu, mwanangu.

Mtoto wa Bunju: Nimewapigia leo saa za mapumziko. Haiendeshwi kwa faida. Fomu ina kurasa sita, wanataka na hati za mishahara ya miezi mitatu. Bili ya kwanza ni ya tarehe 3 Machi.

Dada wa Dallas: Muda unao. Tiketi ni ya lini?

Mtoto wa Bunju: Jumamosi hii.