Naomba ushauri: neno "old" tulitafsirije?

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kampala, na neno la Kiingereza "old" limenitatiza tangu nilipowapa wanafunzi wangu sentensi chache za kutafsiri. Mmoja aliandika kwamba mdogo wake "ni mzee miaka sita", kosa nililolirekebisha upesi, kwa kuwa sisi husema mtoto ana umri wa miaka sita. Mwingine akaandika "viatu vizee" (darasa zima liliangua kicheko), nikamwelekeza kwenye vikuukuu.

Ugumu umebaki kwa Old Kampala, kilima ambapo Lugard, ofisa wa Kiingereza, alijenga ngome yake mwaka 1890 na ambacho leo kina Msikiti wa Taifa. Nikiandika Kampala Kuukuu, naona kama ninaufananisha mtaa huo na shati lililochakaa. Kampala ya Zamani nayo humfanya msomaji adhani kwamba haipo tena, ilhali tunaipanda kila siku. Mimi naelekea kwenye Kampala Kongwe, kwa mfano wa Mji Mkongwe wa Unguja, ingawa wenzangu wanashikilia kwamba jina la mahali halitafsiriwi. Je, ninyi mngeandikaje katika kitabu cha wanafunzi?